Moshi na Arusha bila kupanda mlima: namna ya kula, kutazama na kusoma taratibu

Haupiti mwezi sijapata meseji ya mtu anayekuja Moshi, wengi wanatoka Dar, na swali ni lile lile, "nikifika niende wapi?" Nikimuuliza una siku ngapi anasema mbili, moja maporomoko ya Materuni moja chemchemi ya Chemka, alafu Jumapili yuko kwenye basi anarudi. Mimi sina neno na maporomoko wala Chemka, maji yake mazuri kweli, nendeni mkaoge. Ila kuna raha nyingine huku ambayo haitaki viatu vya kupandia mlima wala hela ya mbugani, raha ya kula vya huku, kuona kazi za mikono za huku na kusoma vilivyoandikwa kuhusu huku ukiwa umekaa huku huku, na hiyo watu wengi wanaipita wakiwa ndani ya gari. Mimi nimekulia huku na natamani kila anayekuja aipate, hivo ngoja niandike kwa kirefu.

Kwanza muda. Ukiweza toa siku nne, tatu upande wa Moshi na moja ya Arusha, ukishindwa basi tatu, chini ya hapo utakuwa unakimbia tu. Masika, yaani Machi mpaka Mei, sikushauri kama huna ndugu wa kukupokea maana njia za juu zinakuwa matope matupu na boda wenyewe wanateleza. Juni mpaka Agosti kuna ukungu na baridi huko juu, njoo na koti la ukweli sio kile kisweta cha kuvaa kwenye ac. Mimi ukiniuliza nitakwambia Septemba na Oktoba, jua linawaka vizuri, kahawa inavunwa bado (mavuno yanaanza kama Julai yanaenda mpaka Desemba), nauli iko kawaida na watu wana nafasi ya kukaa na wewe. Januari na Februari pia jua lipo la kutosha. Desemba ni habari nyingine, Wachagga wote duniani wanarudi nyumbani kula Krismasi, barabara inajaa, nauli inapanda, lakini ndo wakati kila nyumba imefunguliwa na mbuzi anachinjwa karibu kila boma, kwahiyo ukialikwa Desemba usijifikirie mara mbili, we njoo.

Alafu chagua barabara moja tu. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Kutoka Moshi mjini barabara zinapanda Mlima Kilimanjaro kama vidole vya mkono, kuna ya Machame, ya Kibosho, ya Uru, ya Old Moshi, na ya Marangu unaipata kupitia Himo, na kati ya kidole na kidole kuna korongo lenye mto, hivo huwezi kutoka Kibosho ukavuka Machame kirahisi, mara nyingi inabidi ushuke mpaka chini upande tena. Mtu anayetaka kuona zote kwa siku mbili anaishia kuiona lami. Kama ni mara yako ya kwanza nenda Marangu, panda daladala stendi Moshi, shuka Marangu Mtoni, tafuta pa kulala huko huko juu usirudi mjini usiku, na kuanzia hapo ni miguu yako na boda.

Ukishafika utakuwa uko kihambani hata kama hujui. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, juu kabisa kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage, na pembeni kuna banda la ng'ombe wawili au mbuzi ambao hawatoki nje, majani wanaletewa, mbolea yao inarudi kwenye migomba. Katikati utasikia maji yanapita, huo ni mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kutoka juu mlimani, na mpakani utaona mmea wenye majani marefu umepangwa mstari, hilo ni isale. Isale sio ua la urembo, ndo linaloonyesha mwisho wa shamba la mtu, na mtu akikukosea sana akaja ameshika isale mkononi, kwa mila ni vigumu sana kumkatalia msamaha. Nayasema haya mapema kwasababu chakula utakachokula, kinywaji na hata vile vitabu nitakavyovitaja baadae vyote vinazunguka hapo, ukikielewa kihamba umeshapata ufunguo.

Sasa kula. Anzia sokoni asubuhi, uliza kondakta siku ya soko la huko unakoenda maana masoko ya mlimani yana siku zake. Usianze kununua, zunguka kwanza uangalie ndizi. Mtu wa Dar anajua ndizi mbili, ya kupika na ya kuiva. Huku mama atakuuliza unataka ya nini. Mshare ni ya kupika, ndefu, laini, ndo mama wa mtori na machalari. Mzuzu ni ya kukaanga au kuchoma ikishaiva kidogo. Kisukari ni ile ndogo tamu ya kula hivi hivi, alafu kuna kimalindi, kuna mkono wa tembo, na zipo za pombe ambazo huwezi kuzila ukafurahi. Msalimie vizuri kabla hujauliza bei, shikamoo mama, na ukiweza kuongeza shimbonyi utaona uso unabadilika, ataanza kukuelekeza mpaka na namna ya kumenya.

Na kumenya kuna namna. Mshare mbichi ina utomvu unaoshika mkono na kuacha weusi siku kadhaa, hivo paka mafuta ya kula viganjani kwanza, chana ganda kwa kisu kutoka juu mpaka chini, ingiza dole gumba, bandua, tupia ndizi kwenye beseni la maji hapo hapo isiwe nyeusi. Mtori tunaupika hivi: mifupa ya ng'ombe yenye nyama, mbavu au kidari, inachemka kwanza na chumvi mpaka nyama inaanza kuachia, ndo unaweka ndizi zilizokatwa, kitunguu, nyanya moja au mbili, basi, usijaze viungo vya pilau humo. Ndizi zikiiva unatoa nyama pembeni, unashika mwiko au pekecho unaponda humo humo kwenye sufuria, na hapa ndo unamjua mpishi, maana mwenye haraka anaacha mabonge, mwenye subira anaponda huku anaongeza supu kidogo kidogo mpaka inakuwa nzito inayoteleza, ukiinua mwiko inadondoka polepole kama uji wa mtoto. Anamalizia na maziwa au siagi kidogo, nyama inarudi ndani. Kiasili ni chakula cha mzazi, mwanamke aliyejifungua analetewa mtori ili apate nguvu na maziwa yatoke, na mpaka leo mtu akijifungua harufu ya kwanza unayokutana nayo mlangoni ni hiyo. Mtori mjini unauzwa asubuhi kwenye migahawa mingi na sio mbaya, ila ule wa kuni, kwenye jiko la mama mtu mzima, ukaletewa kwenye bakuli ukiwa umekaa kwenye kigoda nje jua la saa nne linakupiga mgongoni, aisee hiyo ni kitu kingine kabisa.

Ukitaka kuendelea omba kiburu, ndizi na maharage vinapikwa pamoja na magadi kidogo ya kulainisha, hakina nyama na hakina mbwembwe lakini kinashibisha mpaka jioni. Machalari ni ndizi na nyama zenye mchuzi, hiyo karibu kila mtu anaipenda. Kisusio ni supu ya mbuzi yenye damu, kama dini yako au moyo wako hautaki sema mapema kwa adabu, hakuna atakayekulazimisha.

Mbege usiiruke kama unakunywa pombe, na kama hunywi basi omba uone inavyotengenezwa, kuona hakuna dhambi. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, alafu unaingia ulezi ulioota ukasagwa na kupikwa kama uji, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Rangi yake ya kahawia, nzito, ina povu na chembe za ulezi juu, unakunywa huku unatafuna kidogo. Wazee wanainywa kwenye kata, kibuyu kilichokatwa, kinapitishwa kutoka mkono kwenda mkono, na ukipewa pokea kwa mikono miwili, kunywa kidogo, rudisha. Imetengenezwa leo kunywa leo au kesho, haiwekwi wiki, kwahiyo ya kwenye chupa ya kubeba mpaka Dar mimi siishauri. Na ukishakunywa usimwendeshe mtu kwenye pikipiki, zile kona ni kali.

Kahawa sasa. Historia yake fupi ni kwamba wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema ndo walioanza kuipanda huku mwishoni mwa miaka ya 1800, wakulima Wachagga wakaichukua wakaifanya yao, mwaka 1925 wakaanzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika ambacho jengo lake liko mpaka leo pale Moshi mjini. Shule nyingi za mlimani, nyumba za bati, ada za watoto walioenda vyuoni, zimetoka kwenye hiyo mibuni. Cha ajabu wazee wengi walilima kahawa maisha yao yote na nyumbani wakanywa chai. Wewe usifanye hivo. Tafuta familia inayoonyesha wageni namna ya kutengeneza kahawa, ziko Marangu, Uru, Materuni, karibu kila kata, na kaa mwanzo mpaka mwisho, usiende kupiga picha ya kinu ukaondoka. Utachuma zile nyekundu tu, utazimenya kwenye mashine ya mkono, utaonyeshwa zilizokauka, utatwanga kutoa ganda, utapepeta kwenye ungo, alafu zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni. Kaa karibu na chungu. Mwanzo harufu ni kama majani yaliyolowa, baadae inakuwa kama mkate, alafu punje zinaanza kulia ta, ta, ta, moshi unakuwa mtamu, na anayekaanga haachi kukoroga hata sekunde moja maana zikiungua upande mmoja kahawa yote inakuwa na uchungu. Zinatwangwa zikiwa bado za moto. Kikombe cha kwanza kinywe bila sukari, sukari weka kwenye cha pili.

Huko huko Marangu na Mamba kuna kitu cha sanaa ambacho wageni wengi hawaambiwi, nacho ni wahunzi. Watu wa mlimani wamefua chuma tangu zamani sana, mikuki waliyokuwa wanabeba Wamasai huko chini mingi ilitoka kwenye mikono ya hawa watu. Mpaka leo utakuta kibanda, mkaa umewaka, kijana amekaa chini anabonyeza mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, kulia kushoto, kulia kushoto, hewa inatoka mfululizo haikatiki, na fundi anageuza chuma mpaka kinakuwa rangi ya machungwa ndo anakitoa anagonga. Kinachonishika mimi kila nikienda ni masikio ya fundi, anasikiliza mlio wa nyundo kujua chuma kimepoa kiasi gani, haangalii tu. Nunua kisu kidogo au kengele ya mbuzi, ni sanaa utakayoitumia jikoni kwako. Kama unapanda ndege kisu kiweke kwenye begi la chini.

Arusha ni kama kilomita 80 kutoka Moshi, na njiani, kama ni Jumatano au Jumamosi, shuka Tengeru, lile ni soko la kweli, parachichi, mboga za Wameru, mitumba, kelele, kila kitu. Ukifika mjini kula nyama choma na supu ya mizizi, na ukipata mwenyeji wa Kimeru au Mwarusha muombe loshoro, mahindi na maziwa mgando, inapoza tumbo vizuri baada ya nyama. Chakula cha Arusha sitaki kukiongelea sana, uzuri wa Arusha kwangu mimi ni macho.

Nenda kwanza Kaloleni, Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Ni jengo dogo, na ndimo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipokaa mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha lile Azimio lililotangazwa Februari 5. Azimio lenyewe ni fupi, lisome usiku kabla hujaenda, alafu simama ndani ya chumba kile, utasikia tofauti. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 nalo liko mjini, limekuwa makumbusho ya viumbe na historia, unalimaliza kwa saa moja. Mchana toka upande wa njia ya Dodoma uende Cultural Heritage, jengo lenye umbo la ngoma, ngao na mkuki, ndani unapanda kwa kuzunguka kama ganda la konokono huku pande zote ni michoro na vinyago kutoka Afrika nzima. Bei za kununua pale ni za watalii ila kuangalia ndo shule yenyewe, angalia kazi nzuri inavyoonekana ili ukienda kununua kwenye vibanda usidanganyike.

Maana kudanganywa kupo. Miaka ya nyuma nilinunua kinyago mjini, muuzaji ananiapia ni mpingo mtupu, cheusi kinang'aa, nikakifunga kwenye shati jeupe nikapanda gari. Nafika nyumbani shati lina weusi wa dawa ya viatu na kinyago kimebaki na mabaka ya mti mweupe. Iliniuma, sio hela tu, ni kwasababu nilikuwa nampelekea mjomba aliyekuwa anaumwa. Tangu siku hiyo nafanya hivi: nakibeba kwanza, mpingo ni mzito kuliko unavyotegemea, ukiutumbukiza kwenye maji unazama, nachukua kitambaa kilicholowa nasugua sehemu ya chini, rangi isitoke, na natafuta ule mstari wa njano ya maziwa, maana mpingo moyo ndo mweusi, nje kabisa ni mweupe, na wachongaji wengi wanauacha makusudi. Pia jua kwamba uchongaji huu ni wa Wamakonde, asili yake kusini na Msumbiji, sio wa huku, kwahiyo muulize mchongaji ametoka wapi, wengi watakusimulia mpaka safari ya baba zao.

Michoro ya Tingatinga pia haikuzaliwa huku, ilianzishwa na Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, Dar es Salaam kuanzia kama 1968, kwa rangi za mafuta za kawaida kwenye vipande vya hardboard, na alifariki 1972 akiwa bado kijana. Ila wachoraji wa mtindo wake wamejaa Arusha na mpaka Mto wa Mbu. Ushauri wangu nunua kutoka kwa mtu unayemuona ameshika brashi, hata kama ni ndogo, na angalia macho ya mnyama, kwenye picha iliyochorwa kwa haraka macho yote yanafanana. Ya kitambaa inakunjwa, rahisi kubeba. Shanga za kina mama wa Kimasai nazo, kaa chini naye, muulize rangi, atakwambia nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu, nyekundu ujasiri, na kwa heshima usipige picha kabla hujaomba.

Vitabu nimeviacha mwisho lakini wewe vitafute kwanza, kabla hujapanda basi, maana huku mlimani hutavipata dukani. Cha kwanza kabisa ni Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Mangi (yaani chifu wa Kichagga) Petro Itosi Marealle, cha mwaka 1947, kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu wa huku huku Marangu. Usikisome chote kwa mpigo. Soma kipande asubuhi, alafu mchana mtafute mzee muulize. Mimi nilimsomea bibi yangu kurasa mbili akanisimamisha, "hapana, kwetu haikuwa hivyo", akaanza kunieleza ya kwao, tulikaa mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa. Hicho ndo kitabu kinachofungua midomo ya watu kuliko kamera yoyote.

Cha pili, Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobeli 2021, tafsiri yake ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022. Ni habari ya Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni la baba yake, na kuna sehemu anaishi dukani kwenye mji ulio chini ya mlima wenye theluji. Isome jioni kama saa kumi na mbili mawingu yanapofunguka, maana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inajionyesha asubuhi sana na jioni, katikati ya mchana mara nyingi imejifunika. Ile hadithi ya Hemingway ya 1936 yenye jina la theluji ya Kilimanjaro soma pia ukipenda, ni nzuri, ila jua kwamba mhusika wake amelala huko chini porini mguu unaoza, watu wa mlimani hawamo. Ndo maana nasema Marealle kwanza.

Kuna hadithi nyingine utaisikia bila kitabu. Panda Old Moshi, uliza Mangi Meli, watakuonyesha mti ambao Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, na watakueleza kwamba kichwa chake kinasemekana kilichukuliwa Ujerumani na mpaka leo familia inakitafuta. Kaa kimya usikilize, usiharakishe mzee anayesimulia. Kama utataka kusoma zaidi, Moshi na Arusha zote zina maktaba ya mkoa, ingia uulize vitabu vya historia ya huku, na pita pia kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini mjini.

Ukienda kwa mtu usiende mikono mitupu, kilo ya sukari na sabuni zinatosha, na ukipewa chakula kula hata vijiko vitatu. Siku ya kuondoka utapewa mkungu wa mshare, hutaweza kukataa. Muombe mwenyeji auchane vichane, avifunge kwa majani makavu ya mgomba, viweke juu ya mizigo sio chini. Ukifika nyumbani usiziweke frijini zinakuwa nyeusi, zitandaze sehemu yenye kivuli mbali na maembe na matunda mengine yaliyoiva, na ule mtori uupike ndani ya siku tatu nne kabla hazijaanza kuwa njano.